Banda Kuwa Nyumba ya Wageni: Tuanzie Wapi?



Wageni wengi hupita Marangu kwenda kupanda Mlima Kilimanjaro. Wengine hupenda kulala kihambani, kati ya migomba na kahawa. Ndiyo maana wenzetu wengine wanataka kugeuza banda la ng'ombe au stoo ya kahawa kuwa vyumba vya wageni. Wazo ni zuri. Lakini tukianza kwa kumwita fundi, tumekosea. Tufuate hatua hizi.

1. Familia. Kihamba ni urithi. Kaa na mkeo au mumeo, na watoto. Mkikubaliana, andikeni.

2. Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji. Mwone mtendaji. Omba jambo lako lijadiliwe kikaoni na liandikwe.

3. Wilaya. Watu wa Marangu huenda Halmashauri ya Wilaya ya Moshi. Kama mahali pako pametangazwa kuwa eneo la mipango, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka upate idhini kabla ya kubadili matumizi ya jengo. Usiseme, "Kuta ni zilezile." Jana alilala ng'ombe, leo analala mtu. Hayo ni matumizi mapya! Uliza pia habari za choo, maji na leseni ya kulaza wageni.

4. Mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pima kwanza.

Sasa tahadhari. Anaweza kuja mtu mwenye hela akasema, "Mimi nitajenga, wewe tia dole gumba hapa." Zamani tulitia tu, kwa sababu hatukujua kusoma. Leo tunajua. Soma kila mstari. Je, karatasi inasema unapangisha banda, au unauza kihamba? Kwa miaka mingapi? Usipoelewa, usitie sahihi. Ipeleke kijijini kwanza. Tena, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kupewa ardhi, ila kwa uwekezaji unaofuata taratibu za serikali.

Banda likiharibika utajenga lingine. Kihamba kikienda, watoto watalima wapi?

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini tusianze kwa fundi?
2. Banda lako liko mita ngapi kutoka mtoni?
3. Kupangisha na kuuza kuna tofauti gani?