Pambo la Meza Kutoka Shambani

Katika somo hili tutajifunza kutengeneza pambo la katikati ya meza kwa mazao yetu wenyewe, kwa ajili ya chakula cha Krismasi au sherehe ya kushukuru mavuno. Msiseme, "Hayo ni mambo ya watu wa hoteli." Ngojeni kwanza niwaeleze.

Mwaka mmoja nilialikwa chakula na kikundi fulani cha akina mama. Kila meza ilikuwa na maua ya plastiki, marefu, yanayong'aa. Wapakuaji walipofika kwa wazee walioketi mwisho, nyama ilikuwa imekwisha. Wakapewa ugali na mchuzi. Baadaye mweka hazina aliniambia kwa sauti ya chini kwamba hayo maua yalikula pesa za kilo nne za nyama. Na nyuma ya jiko kulikuwa na rundo la maboga, ya manjano na ya kijani, mazuri kuliko maua yale!

Wenzetu hufanyaje?

Wamarekani husherehekea Siku ya Shukrani Alhamisi ya nne ya Novemba, na Wakanada Jumatatu ya pili ya Oktoba. Huko ni wakati wa mavuno, kabla ya baridi kali, ambapo majani ya miti hugeuka mekundu na manjano, kisha huanguka. Wengi hupamba meza kwa maboga, vibuyu vidogo, mahindi ya punje za rangi nyingi na hayo majani makavu. Sasa, maboga na mahindi asili yake ni bara la Amerika, lakini hata sisi tunayo tele. Kule Trans Nzoia na Uasin Gishu, mahindi huvunwa kuanzia Oktoba hadi karibu na Krismasi. Kwa hiyo vitu vipo, tena bila kununua.

Vitu vya kutafuta kwa meza moja

- Uteo au kikapu kipana
- Boga moja la kadiri, lenye kikonyo chake, lisilo na jeraha
- Magunzi 3 au 5 ya mahindi makavu yenye punje na maganda yake
- Masuke ya mtama, wimbi au ngano
- Kibuyu kidogo, machungwa au ndimu chache
- Majani makavu ya mgomba

Hatua za kufuata

1. Anika mahindi na masuke juani siku mbili. Yakung'ute ili fukusi na vumbi vitoke. Boga lipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, kisha lipanguse kwa kitambaa kikavu.
2. Tandaza majani ya mgomba juu ya uteo.
3. Weka boga kwanza, kando kidogo ya katikati. Usilikate. Boga zima hukaa wiki nyingi, lakini lililokatwa huoza upesi.
4. Geuza maganda ya mahindi nyuma kama nywele, uyafunge kwa kamba ya katani. Yapange kuzunguka boga.
5. Jaza nafasi kwa masuke, kibuyu na machungwa.
6. Pima urefu. Keti, weka kiwiko mezani na ngumi chini ya kidevu. Pambo lisipite kidevu chako. Watu wamekuja kuonana, si kuchunguliana kama wako nyuma ya ua.

Hadhari

Hapa sikilizeni vizuri, shauri ya watoto.

- Usitumie mbarika, wala zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi. Zinapendeza, lakini zikitafunwa zinaweza kuua.
- Oleanda, yule mti wa maua ya waridi unaopandwa kando ya nyumba, una sumu kila mahali, hata jani likikauka.
- Mbegu za dukani zilizotiwa dawa na rangi zisikaribie chakula kabisa.
- Hindi lenye ukungu lisiwekwe, na mahindi yasinyunyiziwe maji ili yang'ae. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 hapa Kenya, wengi wao Makueni na Kitui.
- Mshumaa usikae katikati ya maganda makavu. Uweke mbali, ndani ya mkebe wenye mchanga.

Baada ya karamu

Boga na machungwa yarudi jikoni. Mahindi yapukuchuliwe na kurudishwa ghalani yakiwa makavu. Maganda apewe mbuzi, na majani ya mgomba yaende kwenye mboji. Mama mmoja aliniuliza, "Sasa hapo kikundi kimepoteza nini?" Nikamjibu, "Kamba tu, mama, na hata hiyo unaweza kuifungua ukaitunza."

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika sherehe yetu iliyopita, ni pesa ngapi zilikwenda kwa mapambo? Zingelisha watu wangapi?
2. Ni mimea gani yenye sumu inayoota karibu na nyumba zetu? Watoto wanaijua?
3. Kila mwanachama anaweza kuleta nini kutoka shambani kwake?
4. Tutapakua vipi ili wanaoketi mwisho wasikose?

Lile swali la nne msiliruke. Meza ikipendeza na mzee akakosa nyama, hatujaandaa karamu.