Siri ya Nani? Mafunzo Niliyopata Masjala

Nilikabidhiwa funguo za masjala ya siri mwaka 2006, nikiwa na cheti cha utunzaji kumbukumbu kutoka Tabora na kiapo cha kutunza siri nilichokula wiki hiyohiyo. Kabla ya hapo nilijaza fomu za upekuzi: wazazi, ndugu, shule nilizosoma, watu walionifahamu. Nikadhani nikishapita hapo, kazi iliyobaki ni kufunga mlango. Haya hapa ndiyo niliyojifunza baadaye.

1. Ukaguzi huanzia kwenye rejista

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 imeiweka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka, iliyo chini ya Ofisi ya Rais, Utumishi, iwe msimamizi wa kumbukumbu za umma tangu jalada linapofunguliwa hadi linapoteketezwa au kuhifadhiwa milele. Tulipoambiwa kwamba maofisa wanakuja, nilinunua kufuli mpya na kupanga kabati vizuri. Aliyeongoza ukaguzi alikuwa mama wa makamo, mpole sana. Kabati hakuligusa. Aliomba rejista, akachagua namba tano kwa kidole, akasema, "Niletee haya."

Manne niliyaleta. La tano, kwa mujibu wa rejista, lilikuwa kabatini, lakini kabatini halikuwemo. Mkuu wa idara mmoja alikuwa amelichukua siku tisa nyuma, akiwa na haraka, nami kwa kumheshimu sikumwandika. Naye alikuwa safarini.

Nilianza kujitetea kwamba mzee yule ni mwaminifu. Yule mama akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, huenda jalada halijavuja. Shida ni kwamba wewe huwezi kuniambia halijavuja."

Sijasahau sentensi hiyo. Kufuli inamzuia mwizi, na mwizi ni nadra kufika masjala. Anayefika kila siku ni mtu mwenye haki ya kusoma, mwenye cheo, mwenye haraka. Tangu siku ile hakuna jalada lililotoka mikononi mwangu bila kuandikwa nani kalichukua, saa ngapi, lina folio (karatasi zenye namba) ngapi. Mara ya kwanza kumwambia mkuu wa ofisi, "Mzee, naomba saini yako hapa," mkono ulinitetemeka. Alitia saini.

2. Muhuri wa SIRI ukigongwa ovyo, haulindi kitu

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mkono uliogonga muhuri ulikuwa wangu.

Ziko siri za kweli. Jina la mtu aliyetoa taarifa za wizi wa mali ya umma likitoka, mtu huyo anaweza kudhurika. Vivyo hivyo maswali ya mtihani kabla ya siku yake, zabuni kabla hazijafunguliwa, na mambo ya ulinzi wa nchi. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inahesabu kuwa kosa la jinai kumpa taarifa za siri mtu asiyestahili, na naona ni sawa.

Lakini sisi tuligonga muhuri kwenye kila kitu kilichotutia hofu. Mama mmoja mjane alikuja mara tatu kuulizia tathmini ya shamba lake lililotwaliwa kwa ajili ya barabara. Mara zote tatu nilimjibu kwamba jalada ni la siri. Katika ukaguzi wa mwaka 2017 jalada lile likaletwa mezani. Mkaguzi alilipekua, akaniuliza, "Siri ya nani?"

Sikuwa na jibu. Ndani mlikuwa na vipimo vya shamba, hesabu ya minazi, na barua zilizoonyesha kwamba ofisi imechelewa. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inataja taarifa zinazoweza kuzuiwa, na aibu ya ofisi haimo. Jalada lilihamishiwa masjala ya wazi wiki ile. Nilimpelekea mama yule taarifa mwenyewe, kwa miguu.

3. Moto unahitaji kibali kuliko mlango

Hakuna anayeruhusiwa kuteketeza kumbukumbu ya umma kwa uamuzi wake, hata kama chumba kimejaa na panya wameanza. Orodha huandaliwa, kibali huombwa. Zamani niliona ni urasimu tu, mpaka niliposoma habari za wazee wa Mau Mau wa Kenya, waliodai fidia kwa mateso ya enzi ya ukoloni. Mwaka 2011, kesi yao ikiendelea London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na majalada yapatayo 8,800 ya makoloni yake 37 ya zamani, yaliyofichwa katika kituo chake cha Hanslope Park. Mengine yalikuwa yameshachomwa kabla ya uhuru, kwa maagizo kwamba hata majivu yasagwe. Majalada yaliyosalimika yaliwasaidia wazee hao, na mwaka 2013 watu 5,228 wakakubaliwa kulipwa fidia. Je, yale yaliyochomwa yangewasaidia wangapi?

4. Simu haina namba ya folio

Barua ya siri tuliisafirisha katika bahasha mbili: ya ndani ina daraja la usiri na lakiri, ya nje ina anwani tu, na mpokeaji anasaini kitabu cha dispachi. Picha ya simu inapita pote hapo kwa sekunde moja. Kwetu simu zinaachwa mlangoni, na zangu ndizo za kwanza.

5. Siri ina umri

Kwa kawaida, nyaraka zilizohifadhiwa hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 30. Mwaka jana nilikwenda chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Meza ya jirani alikaa binti mwanafunzi akisoma jalada la enzi ya Mwingereza, lenye muhuri wa siri uliofutwa kwa mstari mmoja wa kalamu. Nilimwomba aniruhusu kutazama. Pembeni ya kila dokezo palikuwa na herufi za jina la karani na tarehe. Nilizifuata kwa kidole, folio hadi folio. Hakuna iliyorukwa.