Glavu Isiyotoboka, Sumu Ipenyayo

Katika mitelemko ya Mlima Meru, wakulima wa kahawa, mboga na maua hutumia viuatilifu vya namna nyingi. Baadhi huuzwa vikiwa vimeyeyushwa katika vimiminiko kama zailini. Ndivyo ambavyo vikitiwa majini hugeuka vyeupe kama maziwa. Apimaye dawa hiyo kutoka chupani hutakiwa kuvaa glavu. Je, glavu yoyote yafaa?

Kupenya bila tundu

Glavu ya kutumiwa mara moja ina unene wa milimita 0.1 hivi. Hata isipokuwa na tundu, molekuli za kiyeyushi huingia katika utando wake, zikapita baina ya minyororo ya molekuli za mpira, na kutokea upande wa ngozi. Kanuni ni kwamba vitu vyenye asili ya kufanana huyeyushana. Mpira asilia hufanana na mafuta ya taa na zailini, kwa hiyo huvinywa na kuvimba. Nitraili hustahimili zaidi mafuta ya taa, lakini hushindwa upesi na asetoni. Nayo zailini huipenya ikiwa nyembamba.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Marekani. Mwezi Agosti 1996, matone machache ya zebaki dimethili yalidondoka juu ya glavu ya Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa Chuo cha Dartmouth. Majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba kimiminiko hicho huipenya glavu ya namna ile katika sekunde 15 au pungufu. Alifariki Juni 1997.

Upimaji

Maabara hutenga chumba kidogo kwa kipande cha glavu: upande mmoja kiyeyushi, upande wa pili hewa safi inayochunguzwa. Kwa kipimo cha ISO 374, glavu huhesabiwa imepenywa pale kasi ya upenyaji inapofikia mikrogramu 1 kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Unene ukiongezwa mara mbili, muda huongezeka takriban mara nne; joto likizidi, muda hupungua.

Jaribio

Mwalimu asimamie, madirisha yawe wazi na moto usiwepo. Kata vipande viwili vya sentimita 4, kimoja cha mpira asilia, kingine cha nitraili. Vitumbukize katika mafuta ya taa kwa dakika 30, kisha uvitoe kwa koleo na kuvipima. Kile cha mpira asilia kitakuwa kimerefuka waziwazi, kikalegea. Cha nitraili kitabadilika kidogo tu.

Jaribio hili huonyesha uvimbaji, wala halipimi muda wa kupenya. Kwa kazi ya shambani, hufuatwa maelezo ya kibandiko cha kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake Ngaramtoni, Arusha.

Maswali

1. Kipande kimerefuka kutoka sentimita 4 hadi 5. Ongezeko ni asilimia ngapi?

2. Glavu ya milimita 0.1 hupenywa kwa dakika 3. Kadiria muda wa ile ya milimita 0.4.

3. Kwa nini glavu nyembamba iliyolowa kiyeyushi isianikwe na kuvaliwa tena?