Shamba la Mizabibu la Hebroni

Mji wa Hebroni uko katika nchi ya milima, kusini ya Yerusalemu, mwendo wa maili 20 hivi. Waarabu huuita Al-Khalil. Katika kitabu cha Hesabu twasoma ya kuwa wapelelezi wa Musa walikata upande ule kishada cha zabibu kilichochukuliwa na watu wawili kwa mti. Hata leo zabibu ni fahari ya wakulima wa huko. Haya, na tulizuru shamba la jamaa moja.

Kwanza twaona kuta. Mteremko umekatwa ngazi ngazi, na kila ngazi imezuiwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa pasipo chokaa. Maji ya mvua hupenya kati ya mawe, lakini udongo hubaki. Jiwe moja likianguka lisiinuliwe, mvua ijayo hupanua tundu, na udongo uliotunzwa na mababu huteremka bondeni. Kwa hiyo mvua ikiisha, baba na wanawe hutazama kuta kabla ya kutazama mizabibu.

Mvua hunyesha wakati wa baridi. Ndipo mizabibu hupogolewa: matawi mengi hukatwa, hata mgeni hudhani kwamba mti umeuawa. Sivyo, mzabibu huzaa katika machipukizi mapya, nao usiopogolewa hujaa majani, na zabibu zake huwa ndogo.

Baridi ikipita, mama huchuma majani mororo, akafungia mchele na nyama, akapika. Wakati wa joto zabibu nyeupe ziitwazo dabuki huiva. Zamani jamaa nzima ilihamia shambani, ikakaa katika mnara wa mawe ili kulinda mavuno. Vishada vizuri huliwa au huuzwa sokoni. Nyingine hukaushwa, na nyingine hukamuliwa, maji yake yakachemshwa hata yawe mazito kama asali. Hayo huitwa dibsi.

Basi, kijana wa jamaa ile hurithi vitu viwili: mizabibu, na kazi ya kuta. Akipokea cha kwanza na kukiacha cha pili, wanawe hawatapata hata kimoja.

Maswali
1. Kwa nini kuta hujengwa pasipo chokaa?
2. Mzabibu usiopogolewa huwaje?
3. Katika kijiji chenu, ni kazi gani ya wazee ambayo ikiachwa itaharibu urithi wenu?