Kutu haiui bomu



Tunapokaa na familia zinazojiandaa kurudi Walikale na Masisi, swali moja linarudi kila mara: lile bomu la vita vya zamani, lililonyeshewa mvua na kuota kutu, si limekwisha kufa? Jibu letu ni hapana, nasi tungependa kueleza sababu yake, kwa maana kukataza tu hakutoshi.

Ndani ya bomu mna baruti ya aina mbili. Ile nyingi mara nyingi ni TNT. Mjerumani Julius Wilbrand aliitengeneza mwaka 1863, na mwanzoni ilitumiwa kama rangi ya manjano. Ni tulivu hivi kwamba ilipita miaka mingi kabla ya watu kujua nguvu yake. Mwaka 1902 jeshi la Ujerumani lilianza kuijaza katika makombora. Majeshi yaliipenda kwa sababu maji hayaiyeyushi na haiozi ghalani. Sifa hiyo iliyowafaa askari ndiyo inayowaua wakulima. Baruti ya pili ni kidogo sana, ya kuwashia ile kubwa. Hiyo ni kali, na unyevu waweza kuifanya ishtuke upesi zaidi.

Wabelgiji, waliotutawala zamani, wanalijua jambo hili vizuri. Vita vya 1914–1918 vilipigwa katika mashamba yao, na hadi leo majembe ya trekta hufukua makombora kila mwaka. Machi 2014, mjini Ypres, kombora la vita hivyo liliwaua wafanyakazi wawili wa ujenzi. Lilikuwa na umri wa miaka mia hivi.

Kwetu, mapigano yaliyoanzia soko la Ntoto mnamo Machi 1993 yalikuwa zaidi ya mapanga, mikuki na mishale. Mapanga hayabaki ardhini yakingoja. Lakini mwaka 1994 jeshi lililoshindwa Rwanda lilivuka mpaka na silaha zake, kisha vita vya 1996 na 1998 vikaleta nyingine, hadi mapigano yaliyofika Walikale-centre Machi 2025.

Silaha mbili zafaa kujulikana. Ya kwanza ni bomu la mortie, linalorushwa kwa bomba. Mwingereza Wilfred Stokes alibuni bomba la namna hiyo mwaka 1915. Linaposhuka lapaswa kugonga kwa nguvu ndipo lilipuke. Likiangukia tope au majani mengi, laweza kunyamaza, lakini ule mfungo wake wa usalama ulikwisha kufunguka hewani. Pigo la jembe laweza kumaliza kazi. Moto wa kuchoma shamba pia.

Ya pili ni guruneti. Ndani mna springi iliyozuiwa na mkono wa chuma, na mkono huo unashikwa na pini nyembamba. Kutu ikiila pini, springi yaweza kujiachia yenyewe. Hapo basi kutu imefanya kazi ya askari!

Mhunzi asipokee chuma asichokijua. Mtoto aliyeona kitu asikiguse, asikirushie jiwe, arudi kwa njia aliyoijia na kumwambia mtu mzima. Naye asichapwe kwa kwenda huko, la sivyo safari ijayo atanyamaza. Mtu mzima aweke alama kwa mbali, kisha ampashe chifu habari, ili waitwe mafundi wa kuondoa mabomu.

Hapa tunasema na viongozi hasa. Waliobaki kijijini wakati wa vita ndio wanaojua makombora yalianguka wapi, nao wengi wananyamaza wakiogopa kuambiwa walikuwa na kundi fulani. Anayeonyesha bomu asiulizwe alikuwa upande gani. Hilo likubaliwe mbele ya watu wote, waliobaki na wanaorudi, kabla mashamba hayajagawanywa.

Swali la kuzungumza katika vikundi: kijijini kwetu, ni nani anayejua mahali pa hatari, na anamwogopa nani?