Maneno ya Kiingereza Yaliyo na Sauti Moja

Wasomaji wetu, katika barua nyingi zinazoandikwa kwa Kiingereza twaona kosa moja likirudiwa, nalo ni kuandika neno kwa kufuata sikio. Katika Kiswahili mwenye kufuata sikio hapotei sana. Neno "kaa" laweza kuwa la moto, au yule wa pwani, au kumwambia mtu aketi. Maana ni tatu, lakini herufi ni zile zile. Kiingereza chaweza kuwa kinyume: sauti ni moja, nazo herufi ni mbali mbali. Tutazame haya:

1. "Hear" ni kusikia. "Here" ni hapa.

2. "Meet" ni kukutana. "Meat" ni nyama.

3. "Write" ni kuandika; "right" ni haki, au upande wa kuume.

Zamani maneno hayo ya mwisho hayakufanana. "W" ya "write" ilisikika, na "gh" ya "right" ilitamkwa karibu na "kh" ya "khofu". William Caxton alianza kupiga chapa vitabu katika Uingereza mwaka 1476, na kazi ya chapa ikasaidia kuyaimarisha maandiko ya kale. Lakini ndimi za watu ziliendelea kugeuka. Kwa hiyo jicho laona tofauti ambayo sikio limekwisha kuipoteza.

4. "Accept" ni kukubali; "except" ni isipokuwa. Haya hayalingani kabisa, ila yakisemwa upesi ni shida kuyatenga.

Hapo ndipo penye hatari. Tuseme wazee wakodisha shamba, nao wataka chemchemi ibaki yao. Mwandishi aandike: shamba lote, "except" chemchemi. Akitia "accept", maneno yavunjika, na mwenye hila apata mlango wa kuleta daawa. Wazee watakumbuka walivyosema, lakini karatasi haitawashuhudia.

Basi twawashauri walimu wafundishe maneno haya mawili mawili, kila moja na sentensi yake fupi, wala si neno peke yake. Mwandishi naye aisome barua yake tena, akiifasiri kwa Kiswahili neno kwa neno. Na mzee asiyejua Kiingereza asione haya kusema: "Nifasirie yote kwanza, ndipo nitie kidole changu."