Dondoo Muhimu: Kuomba Tena Nafasi Jeshini

Kijana wa Shinyanga au Geita aliyekosa nafasi katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na kwa hiyo njia ya kufika Chuo cha Kijeshi Monduli, asitahayari, bali aimarishe azma yake kabla ya tangazo jipya la nafasi.

• Hati: Majina katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa yalingane herufi kwa herufi, kwani mbele ya karani Masanja na Massanja ni watu wawili.

• Mafunzo: Cheti cha Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) aghalabu huwa sharti; asiyenacho aulize wilayani utaratibu wa kujitolea.

• Siha: Anayesubiri tangazo huku akifanya kazi machimboni ajihadhari na zebaki na vumbi la mawe, visije vikamharibia afya kabla ya usaili.

• Fedha: Nafasi haiuzwi, adaiye malipo ni laghai, aripotiwe polisi.